Kuacha majani uani kuna kazi kuliko kufyeka

Huku kwetu Muheza, uwanja wa heshima ni ule uliofagiliwa hadi udongo ukaonyesha mistari ya chelewa. Binti anafundishwa hivyo, mke mpya anapimwa kwa hilo, na mgeni akifika asubuhi akakuta alama za fagio zimejipanga mlangoni, anajua kaingia kwa watu. Nimelelewa katika desturi hiyo na sina ugomvi nayo. Mbele ya nyumba nafagia mpaka leo. Ila nyuma, kuanzia jikoni hadi kwenye mnazi wa mpakani, nimeacha majani yaote, na wapo ambao hawajaacha kuniuliza kama naumwa.

Nilirudi kuishi hapa baada ya kustaafu ualimu, katika nyumba ya wazazi. Ukizitazama nyumba za zamani za mtaa wetu utaona jambo: misingi imetoka nje. Mawe ambayo fundi aliyafukia sasa yanaota jua, na kizingiti kilichokuwa cha kuvuka kwa hatua ya kawaida leo kimewekewa tofali la kukanyagia. Nyumba hazikupanda, uwanja ndio umeshuka. Kila asubuhi fagio linachukua kidogo, masika yakiingia matone yanapiga udongo mtupu, maji yanaupeleka mtaroni na mtaro unaupeleka mtoni. Udongo ukishaondoka hivyo haurudi. Nyuma kwangu mizizi ya mnazi ilikuwa imebaki wazi kama vidole vya mzee, ndipo nikasema fagio liishie jikoni.

Wengi wanadhani kuacha majani ni kukaa kitako ukitazama. Laiti ingekuwa hivyo. Anayefyeka ana kazi moja: panga linapita, majani yamelala, anakoga, anakunywa chai. Anayeacha inambidi ajue kinachoota, kimoja kimoja, na kila kimoja akitolee uamuzi. Na uamuzi wenyewe haukai. Unaurudia kila mvua.

Vuli ya kwanza ilileta ndago kabla ya kitu kingine chochote. Ndago ukiikata kwa jembe umeipanda. Chini kuna vijiviazi vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi nyembamba, na ukikatiza uzi kila kiazi kinajitegemea na kutoa majani yake. Nilichoona kinasaidia ni kivuli. Nilichomeka marando ya matembele juu yake, yakatambaa yakafunika ardhi, na ndago iliyokosa jua ikakonda. Haikwisha. Ilikonda tu, nami nikapata mboga, kwa hiyo tumeafikiana.

Kishona nguo nayo ikaja, ile inayonata kwenye kanga na kukufanya uisambazie mbegu zake bila malipo hadi kwa jirani. Asili yake ni Amerika, kama mahindi na muhogo, lakini imekaa hapa hadi hakuna anayeihesabu kuwa ngeni. Majani machanga yanapikwa, na maua yake, hata wakati ambapo kila kitu kingine kimekauka, hayakosi nyuki. Naiacha ichanue, kisha naing'oa kabla mbegu hazijawa nyeusi. Kazi yote iko kwenye hiyo "kabla". Ukisafiri kwenda kumwona mjukuu Dar ukakawia kidogo, unarudi kukuta mbegu zimekwisha kumwagika, na hesabu inaanza upya.

Mmea ulionishika kuliko yote ni kongwa, ambayo toka utotoni nilikuwa naijua kama chakula cha sungura tu. Maua yake ya buluu hufunguka asubuhi, na jua likifika utosini yameshasinyaa. Siku moja nilikuwa naing'oa karibu na mnazi, udongo umelowa, ikatoka na kila kitu chake. Kwenye shina, chini ya usawa wa ardhi, kulikuwa na vijitawi vyeupe vilivyokwenda udongoni badala ya kwenda juani, na nchani mwake vifuko vidogo vimefumba. Nikapasua kimoja kwa ukucha. Ndani mlikuwa na mbegu. Aina hii ya kongwa inachanua chini ya ardhi pia: maua yasiyofunguka kamwe, yanayojichavusha yenyewe gizani, bila nyuki wala upepo. Nilifundisha sayansi shule ya msingi karibu maisha yangu yote ya kazi, nikichora ubaoni ua lenye petali na stameni na kipepeo pembeni yake, na ua la namna hii sijawahi kulichora. Sasa naelewa kwa nini wakulima wanalalamika kwamba kongwa ukiilima inarudi. Kinachofyekwa ni cha juu, na mbegu nyingine zilishawekwa chini zamani.

Mengine niliyajua kwa shangazi. Yeye ni Mbondei wa siku nyingi, miguu inamsumbua lakini macho hayajambo. Alikuja kunitazama, nikampa shikamoo, akapita moja kwa moja hadi nyuma, akasimama mkono kiunoni.

"Mwanangu, umepanda mchunga?"

"Umejiotea, shangazi."

"Basi usiuache uzeeke. Ukishatoa maua huo si mboga tena, ni adhabu."

Mchunga ukiukata unatoa utomvu mweupe, na uchungu wake unafanana na jina lake. Shangazi alinionyesha namna ya kuchuma yale majani ya chini yaliyo laini, kuyachemsha, kumwaga maji ya kwanza, kuyakamua kwa mkono, ndipo yaingie kwenye kitunguu na tui la nazi. Uchungu hauondoki wote. Ukiondoka wote, anasema, umepika majani ya kawaida. Tulikula na bada, ugali wa muhogo, na kipande cha papa mkavu, na nilikumbuka kwamba mama alikuwa akipika hivi mwisho wa mwezi, nasi watoto tulinuna.

Baada ya kula alichukua fimbo yake akaanza kuigusa mimea mmoja mmoja. Huu mnavu. Ule mgagani. Hili linalotambaa lenye mashina mekundu manene ni tako la hasani, tia kwenye mlenda. Alipofika kwenye mnanaha hakunitajia jina wala hakuniuliza. Aliinama akaung'oa mwenyewe, ua lake jeupe refu na tunda lake la miiba, akautupa kwenye shimo la taka. "Una wajukuu wanakuja likizo," akasema. Mnanaha ni sumu kuanzia mbegu hadi jani. Katika hilo kipande cha uani mlikuwa na mboga za juma zima na sumu ya kuua mtoto, vimeota hatua chache kutoka kimoja hadi kingine. Anayefyeka vyote hana haja ya kuvitofautisha. Sisi tunaoacha hatuna ruhusa ya kutovijua.

Lantana ilinipa mtihani mwingine. Kwa uzuri huwezi kuilaumu: vishada vyake vya njano na waridi, na vipepeo havibanduki. Ila nayo ni ya Amerika, ililetwa kama ua la bustani, na ikipewa nafasi inajenga kichaka ambacho hakuna kinachoota chini yake. Ng'ombe wakiila inawadhuru. Kwa watu wa Muheza habari za mimea iliyotoroka si ngeni, maana barabara ya kupanda Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, inaanzia hapa. Wajerumani walifungua huko kituo cha utafiti mwaka 1902, wakajaribu kila kitu walichofikiri kingeleta faida, mpira, kahawa, mti wa kwinini, viungo, na miti kutoka pembe zote za dunia. Baadhi ilikaa ilipopandwa. Baadhi ilikwenda matembezi. Mti wa Maesopsis, ambao asili yake ni magharibi yetu huko kuelekea Uganda na Kongo, uliingia msitu wa Usambara Mashariki kwa nguvu, kwa sababu ndege hondohondo wanapenda matunda yake na kubeba mbegu mbali. Chini ya miti hiyo kikaenea kichaka cha Clidemia kutoka Amerika. Yote ilianza kwenye kitalu, kwa nia njema na kibao chenye jina la Kilatini.

Kwa hiyo lantana yangu nimeibakizia shina moja karibu na dirisha la chumba changu, nalikata kila linapoanza kunyoosha mikono, na matunda yake sisubiri yaive. Mwanaikolojia mwenye msimamo angesema niing'oe. Huenda ana haki. Lakini ameshawahi kuamka asubuhi akamkuta ndege chozi wa kijani kinachometameta ananing'inia kwenye ua nje ya dirisha lake? Nami nina udhaifu wangu.

Huyo chozi ndiye aliyeshona kiota kwenye tawi la mchungwa, kifuko cha kuning'inia kilichofungwa kwa utando wa buibui na kubandikwa majani makavu nje, hata ukikitazama haraka unadhani ni takataka zilizonaswa na upepo. Nilimwona jike akichukua utando kwenye pembe ya paa la choo. Kabla ya hapo kila Jumamosi nilikuwa napitisha ufagio wa buibui kule juu. Siku hizi hiyo pembe naipita.

Mchungwa ndio wenye maisha mengi kuliko mti wowote uani. Muheza ni mji wa machungwa, malori yanajaa hapa msimu ukifika, na kwa mkulima wa machungwa kiwavi ni adui tu. Mimi nina michungwa michache, sina soko la kuogopa, kwa hiyo naweza kutazama. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano anataga mayai yake kwenye majani machanga, moja moja, meupe yanayoelekea njano, madogo kuliko punje ya mtama. Kiwavi akitoka anafanana kabisa na kinyesi cha ndege: kahawia na mweupe, amekunjika, analala wazi juu ya jani bila wasiwasi, kwani nani atakula kinyesi? Akikua anabadilisha nguo anakuwa wa kijani. Mguse kidogo kwa kijiti na nyuma ya kichwa chake zinachomoka pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali inakupiga, kama chungwa lililooza likachanganywa na kitu kibaya zaidi. Mjukuu wangu alimgusa mara nyingi hadi nikamwonea huruma yule mdudu.

Wapo majirani zetu wa milimani ambao wamewahi kuishi kwa viwavi. Mwaka 2003 ulianza mradi wa vipepeo wa Amani, wanavijiji wakapanda mimea ambayo kila aina ya kipepeo hutagia, wakalea viwavi kwenye vizimba vya chandarua, na mabundo, yaani viwavi waliokwisha kujifunga wakisubiri kuwa vipepeo, yakapelekwa Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Upande wa Kenya, pale Gede, mradi wa Kipepeo ulikuwa umetangulia miaka kumi, ukiwatumia watu wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Serikali yetu ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, biashara ya Amani ilisimama. Naikumbuka kila ninapomwona kijana anapiga dawa kwenye mchungwa: kuna wakati jani lililoliwa na kiwavi lilikuwa karo ya mtoto.

Kwenye mchungwa huo huo wanaishi majimoto, chungu wa mitini. Hawa sifa zao anayezijua ni mchuma machungwa, ambaye hujipaka majivu mikononi kabla ya kupanda na bado hushuka akiruka. Wanashona majani mabichi kuwa nyumba. Nimesimama chini nikiwatazama: wengine wanashika kingo mbili za majani na kuzivuta zikutane, wengine wanakuja wamebeba watoto wao mdomoni, na ni hao watoto wanaotoa uzi. Mkubwa anampeleka mdogo huku na huku kati ya majani mawili hadi mshono ukamilike. Sijaona kazi ya kitoto yenye manufaa zaidi.

Kijana anayenisaidia kazi za shamba alitaka kuwachoma kwa mwenge. Nikamwambia atazame kwanza minazi. Wapo wadudu wafyonzao vidaka vya nazi, vikapukutika kabla havijawa hata vitale; jina lao la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, limebeba jina la mtafiti M. J. Way aliyeshughulika na minazi ya Zanzibar miaka ya 1950. Majimoto huwawinda hao wadudu, kama wanavyowawinda wale wadudu waitwao mbu wa mikorosho. Adui yao mkubwa ni chungu wadogo wa ardhini wenye askari wa vichwa vikubwa, ambao hupanda mnazi na kuwafukuza. Na hapa ndipo nilipofurahi: minazi ambayo chini yake kumeachwa majani huwapa majimoto nafasi nzuri zaidi kuliko ile iliyopaliwa ardhi ikabaki nyeupe. Kwa hiyo siku hizi nikiulizwa kwa nini sifyeki chini ya mnazi, nina jibu la kitaalamu, na nalitumia bila aibu.

Jibu hilo halimtoshi jirani yangu wa upande wa barabarani. Yeye ana hoja mbili, mbu na nyoka, na zote ni za haki.

"Mwalimu, unatufugia homa," aliniambia ng'ambo ya michongoma. Ilikuwa mwaka 2019, dengi imetapakaa Dar es Salaam na Tanga, kila mtu ana hofu. Nikamkaribisha aingie tukague pamoja. Mbu anapumzika kwenye majani, sikatai, lakini hazaliwi humo; anazaliwa kwenye maji. Yule wa dengi anataka maji yaliyotuama kwenye vyombo. Tukazunguka uani kwangu tukakuta ndoo moja mbovu, nikaipindua. Tukaenda kwake, uwanja wake mweupe kama sahani, na nyuma ya jiko lake lilikuwapo rundo la vifuu vya nazi, kila kimoja kimeshika maji ya mvua, na viluwiluwi wa mbu wanacheza. Tulivipindua pamoja. Hakunipongeza, ila toka siku hiyo anaongea zaidi habari za nyoka.

Na kwa nyoka namwachia ushindi wake. Pwani yetu ina nyoka aitwaye mamba wa kijani anayeishi juu ya miembe na minazi, na nyoka wengine wa kijani wasio na madhara wanaofanana naye, na mimi si mtu wa kusogea karibu ili nitofautishe. Ndiyo maana majani yangu yana mipaka. Mita kadhaa kutoka ukuta wa nyumba ni peupe. Njia ya chooni imefagiliwa na ina taa. Kuni zimepangwa juu ya vichanja, hazilali chini. Usiku hakuna anayekatiza majanini, hata kama embe limedondoka. Anayetaka kuacha majani bila kufanya haya, afadhali afyeke.

Sijasema habari za maua yenye harufu, na mwanamke wa pwani hawezi kuzungumzia ua bila hayo. Mrehani uko karibu na mlango wa jikoni, asumini imepanda kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Jioni huchuma vitumba kabla havijafunguka, nikapata vya kutosha namfungia mkwe wangu kikuba, asumini na mrehani na kipande cha mkadi nikiupata sokoni. Kwenye michongoma imejitokezea afu, asumini ya porini, ambayo hakuna aliyeipanda. Moja ya asumini za mwituni za upande wetu huu wa dunia ina jina la kitaalamu linaloitaja Rio de Janeiro, kwa kuwa ilielezwa na mtu aliyeikuta Brazili, ikiwa imeshavuka bahari kutoka Afrika. Kumbe sisi nasi tulishawapelekea watu mimea ya kuwasumbua.

Tulichowapelekea kikubwa zaidi ni lile ua dogo la zambarau la kwenye miamba yenye kivuli, ambalo Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilituma kwa baba yake Ujerumani; mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akaliandika kwa jina Saintpaulia. Leo linakaa kwenye madirisha ya nusu ya dunia, na porini linategemea kivuli cha miti ambayo inakatwa. Mwanafunzi wangu wa zamani aliniletea chungu kimoja kutoka duka la maua la Nairobi. Nimekiweka barazani, kimetoa maua, nakimwagilia kwa chini majani yasilowe. Hukitazama nikaona maajabu: ua la milima ninayoiona kutoka jikoni kwangu limenifikia kwa kupitia Ulaya, likiwa na bei.

Masika haya nina kazi tatu. Kukata lantana kabla haijafika kwa jirani. Kuhamisha mlangilangi niliopewa, ambao utakuwa mkubwa mno hapo ulipo. Na kumpelekea jirani yule yule wa barabarani mizizi ya mchunga, kwani shangazi alimwonjesha siku moja akaomba sahani ya pili. Nimemwambia aupande mahali ambapo hana mpango wa kupanda kitu kingine, maana mizizi yake inatambaa chini na kila kipande unachokikata kinachipua. Akasema ataupanda katikati ya uwanja, afagie kuuzunguka. Tutaona.